Kuserereka Thelujini: Tatizo la "Nje ya Njia"

Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko PyeongChang. Mchezo wake, yaani kushuka mlima wa theluji kwa skii, una istilahi ambazo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuzipima moja moja.

Kitenzi hakitusumbui. "Kuteleza" hutumika sana, lakini humdokezea msomaji ajali, na pengine kosa la ulimi. Sisi twapendelea "kuserereka". Mtoto ashukaye kilima juu ya gome la mgomba hulijua tendo hilo kabla ya kulijua jina lake. "Lifti" nayo kwetu ni ya ghorofani, au ni ile aombayo msafiri barabarani. Serikali ya Tanzania ilipoeleza mwaka 2019 wazo la kujenga usafiri wa kebo katika Mlima Kilimanjaro, neno "kebo" lilisikika sana. Basi na tuseme "kiti cha kebo" na "kigari cha kebo".

Ugumu uko kwingine. Wafaransa huita "pisti" njia ya theluji iliyoshindiliwa kwa mitambo, ikawekewa alama na kukaguliwa kila siku. Nje ya pisti theluji ni ya asili. Wako wafasiri watakaoandika "nje ya njia", na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa msomaji atadhani ni habari ya mtu aliyepotea. Kumbe waserereka mashuhuri huifuata miteremko hiyo kwa makusudi. Huko Chamonix, Ufaransa, kigari cha kebo huwafikisha Aiguille du Midi, mita 3,842 juu ya usawa wa bahari, nao hushuka Vallée Blanche kiasi cha kilometa 20 juu ya barafu yenye mipasuko mirefu. Huko La Grave kebo hufika mita 3,200, na sehemu kubwa ya mlima haina pisti kabisa. Kufika juu ni rahisi kama kupanda basi, na wepesi huo ndio uwadanganyao wageni. Poromoko la theluji likimfukia mtu, uwezekano wa kumtoa hai hupungua haraka baada ya dakika 15 hivi. Kwa hiyo kila mmoja hubeba koleo, ufito wa kupimia na kifaa cha kutoa mawimbi.

Je, mwalimu wa Nyangoto, wilayani Tarime, atawaelezaje wanafunzi waliokwisha kuona mvua ya mawe lakini si theluji? Tunadhani hatapata shida. Kijiji chake ki jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na watu wa migodini hutofautisha ukuta wa shimo uliokaguliwa na ule usiokaguliwa. Kinachowahusu si njia bali ulinzi, na "kuporomoka" ni neno lao la kila siku.

Kwa hiyo twapendekeza "mteremko usiolindwa". Pale ambapo mwandishi anasifu theluji tu, bila kutoa onyo, "mteremko wa asili" utafaa. Lakini katika mabango, mikataba ya bima na vitabu vya wasafiri, "usiolindwa" lisiachwe, hata kama sentensi itarefuka.