Ganda la Kauri Ndani ya Injini: Jibu kwa Swali la Darasani

Muhula uliopita tulikuwa na kipindi cha mchana hapa Hai Amarat, somo likiwa ni istilahi za Kiswahili. Ndege ikapita juu yetu, tukanyamaza kusubiri kelele iishe. Ilipokwisha, mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, moto uliomo ndani ya injini ile unashinda wa mhunzi. Mbona chuma hakiyeyuki?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akadakia: "Hilo Mwalimu hawezi kulieleza kwa Kiswahili." Darasa zima likacheka. Kusema kweli, siku ile sikuwa na jibu kwa lugha yoyote. Niliahidi kulitafuta, na makala haya yananuia kulipa deni hilo.

Tuanze na jiko la mkaa, kwa kuwa kila msomaji analijua. Jiko la bati tupu huunguza mkono ukiligusa ubavuni, na baada ya muda bati lenyewe huliwa na moto likatoboka. Jiko la kauri, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, lina bati kwa nje na udongo uliofinyangwa na kuchomwa kwa ndani. Udongo huo haupitishi joto upesi. Kwa hiyo joto jingi huenda kwenye sufuria, mkaa hutumika kidogo, na bati hudumu. Kazi zimegawanywa: bati linabeba uzito, udongo unazuia joto.

Mgawanyo huohuo wa kazi umo ndani ya turbini ya gesi, ambayo ndiyo moyo wa injini ya ndege. Hewa huvutwa, hushindiliwa, huchanganywa na mafuta na kuwashwa. Gesi ya moto hutoka kwa nguvu na kusukuma mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili unaozunguka. Mashine za jamii hii haziko angani peke yake. Jijini Dar es Salaam, gesi asilia ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme kwa turbini za Ubungo mwaka 2004, na kituo cha Kinyerezi II, chenye uwezo wa megawati 240, kilizinduliwa mwaka 2018.

Kadiri gesi inayoingia kwenye turbini inavyokuwa na joto kali, ndivyo mashine inavyofanya kazi kubwa zaidi kwa mafuta yaleyale. Hapo ndipo penye tatizo. Mapanga hutengenezwa kwa aloi za nikeli, ambazo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi za Selisiasi, ilhali gesi katika injini za kisasa za ndege hupita nyuzi 1,500. Mambo mawili huyaokoa mapanga hayo. Kwanza, hewa yenye joto pungufu hupitishwa kwenye vitundu vilivyomo ndani yake. Pili, nje yake hupakwa ganda la kauri. Ganda hilo aghalabu halizidi nusu milimita kwa unene, lakini laweza kupunguza joto la chuma kwa nyuzi 100 au zaidi. Ikumbukwe kuwa mambo haya mawili hutegemeana. Pasipo hewa ya ndani, joto lingepenya kauri polepole hadi chuma nacho kikaungua.

Kauri inayotumika zaidi ni zirikonia, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 2,700 hivi. Asili yake ni zirikoni, madini yapatikanayo katika mchanga mzito wa pwani. Huko Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, zirikoni ilichimbwa pamoja na madini ya titani hadi mwishoni mwa 2024. Sisemi kwamba mchanga wa Kwale umo ndani ya injini za ndege, kwani zirikoni nyingi duniani huishia kwenye vigae na vyombo vya kauri. Ila ni vyema tujue kwamba jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa.

Zirikonia tupu ina kasoro moja: ikipashwa joto na kupozwa hubadili mpangilio wake wa ndani, hutanuka na kusinyaa ghafla, kisha hupasuka. Dawa yake ni kuchanganya itria, kiasi cha asilimia 7 au 8 ya uzito. Mwaka 1976 wataalamu wa NASA, katika kituo chao cha Cleveland nchini Marekani, walijaribu mapanga yaliyopakwa kauri ya namna hii ndani ya injini halisi ya ndege, na ganda likastahimili.

Sasa, kitu kisichoyeyuka kwa moto wa kawaida hupakwaje? Hapa ndipo unapoingia utegili, ambao wengine huuita plazma. Gesi kama agoni hupitishwa penye cheche kali ya umeme hadi atomi zake zikapoteza baadhi ya elektroni. Joto lake huvuka nyuzi 10,000. Unga wa kauri humwagwa katika ndimi hizo za utegili, huyeyuka papo hapo, na kurushwa kwa kasi kubwa kama rangi ya gari inayopulizwa na fundi. Kila tone likigonga chuma hutandazika kama chapati na kuganda. Chapati hizo hupandana maelfu kwa maelfu, zikiacha vinyweleo vidogo katikati. Vinyweleo hivyo si dosari: navyo husaidia kuzuia joto.

Hata hivyo, kauri haipulizwi moja kwa moja juu ya panga. Chuma hutanuka kuliko kauri, na oksijeni hupenya kauri kwa urahisi. Kwa hiyo kwanza hupakwa tabaka la metali lenye kromi na alumini, ambalo huishika kauri na kuzuia kutu. Aidha, kwa mapanga yanayozunguka ya injini za ndege, mara nyingi kauri hufukizwa kwa miale ya elektroni badala ya kupulizwa. Njia ya utegili hutumika sana kwenye vyumba vya kuwashia mafuta na katika turbini za umeme.

Adui wa ganda hili tunamfahamu wakazi wa Juba: vumbi. Chembe za mchanga zikifyonzwa na injini huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, huingia katika vinyweleo, na zikiganda huifanya kauri imeguke.

Katika makala haya nimetumia maneno ganda, tabaka, vinyweleo, kupuliza, kufukiza na kutandazika. Hakuna hata moja nililolibuni. Yametoka jikoni, gereji na mwilini. Yale ya kukopa, kama nikeli na itria, Kiingereza nacho kiliyakopa. Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wanafunzi wetu watafanya kazi na mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa. Hivyo, namwomba yule aliyedakia darasani asome makala haya, kisha aniletee neno moja ambalo hakulielewa. Tutaanza nalo kipindi kijacho.