Ramen: supu ya wakati wa njaa ambayo leo watu wanaipangia foleni

Siku ya soko hapa Mweso, hauhitaji kuuliza malewa iko wapi. Harufu inakuita. Maharagi yanachemka, viazi viko kwenye mafuta, mama anageuza bugali na jasho usoni. Hakuna karatasi ya kuonyesha vyakula. Unauliza tu: "Mama, leo kuko nini?" Unajibiwa, unakaa kwenye ubao karibu na mtu ambaye haumfahamu, unakula, unalipa franga zako, unasimama, na mwingine anachukua nafasi yako.

Sasa, ndugu msomaji, tuseme mtu akuambie kwamba huko Japani kuko malewa za namna hiyo, zenye viti nane ao kumi tu, na kwamba watu wenye kazi nzuri, wamevaa koti na kravati, wanasimama inje kwenye baridi saa nzima wakingoja bakuli moja la supu. Utacheka. Lakini ni kweli. Chakula hicho kinaitwa ramen. Na historia yake inatugusa sisi watu wa Masisi na Walikale kuliko tunavyofikiri, kwa sababu kilipata nguvu katika nchi iliyotoka vitani, yenye njaa, iliyokuwa ikingojea unga wa msaada.

Namna wanavyokula

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Ramen ni tambi za unga wa ngano. Zinafanana na supageti unazoona kwenye butike, lakini hizi zinakaa ndani ya supu ya moto. Juu yake mpishi anaweka vipande vya nyama, mara nyingi ya nguruwe, pamoja na yai la kuchemsha na majani ya kitunguu. Kazi kubwa iko kwenye supu. Kuna supu ya chumvi, kuna ya mchuzi wa soya, kuna ya miso, yaani soya iliyopondwa na kuchachishwa mpaka inakuwa nzito. Na kuna ile ya mifupa ya nguruwe, inayochemka saa nyingi, mara nyingine zaidi ya 12, mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa.

Kuna siri moja ambayo mama wa huku ataifahamu upesi. Tambi za ramen zina rangi ya manjano na zinavutika bila kukatika. Wengi wanafikiri ni kwa sababu ya mayai. Kumbe zinakandwa na maji ya chumvi fulani ambayo Wajapani wanaita kansui. Hiyo ni ndugu ya magadi na ya yale maji ya majivu ambayo mama zetu wanatia katika maharagi magumu ili yaive haraka.

Ukifika mlangoni, mara nyingi haukuti mtu wa kukuuliza unataka nini. Unakuta mashini. Unaingiza pesa, unabonyeza mahali pa mlo unaotaka, inatoa tikiti, unampa mpishi. Yeye hagusi pesa. Unakaa mbele yake, ubao tu ndio unawatenganisha, na unaona kila kitu anachofanya. Kabla ya kula unasema "itadakimasu", neno la heshima la kupokea chakula. Ukimaliza unasema "gochisosama", namna ya kushukuru kwa chakula ulichopewa.

Halafu kuna kelele. Kwetu, mtoto anayevuta chakula kwa sauti anapigwa jicho na baba yake. Kule, kwa tambi, hapana. Kila mtu anavuta kwa sauti, juu supu ni ya moto sana na tambi zikikaa mda mrefu ndani ya maji zinalegea. Mazungumzo marefu pia hakuna. Dakika 10 ao 15 umemaliza, unatoka, kwa sababu yule wa foleni anakuangalia. Kampuni moja inayojulikana sana, Ichiran, yenye mizizi yake katika mji wa Fukuoka, imeweka hata mbao kati ya kiti na kiti, ili kila mtu ashughulike na bakuli lake.

Na bei? Wajapani wanazungumza juu ya "ukuta wa yen 1000", karibu dolari 7 za Marekani. Wenye mikahawa waliogopa miaka mingi kuuvuka ukuta huo, kwa kuwa machoni pa watu ramen ni chakula cha kila mtu: mwanafunzi, dereva, mkubwa wa ofisi. Mwaka 2015, mkahawa mdogo wa Tokyo uitwao Tsuta ulikuwa wa kwanza wa ramen kupewa nyota ya Michelin, kile kitabu cha Ufaransa kinachohukumu mikahawa ya dunia. Watu walianza kufika asubuhi mapema kuchukua tikiti ya saa yao ya kula. Hata hivyo, ilibaki supu na tambi.

Chakula cha wageni, kisha chakula cha vita

Ramen haikuzaliwa Japani. Tambi hizo zililetwa na Wachina waliofika kwenye bandari kama Yokohama, iliyofunguliwa kwa biashara ya wageni mwaka 1859. Mwaka 1910, Mjapani mmoja, Ozaki Kan'ichi, alifungua mkahawa uitwao Rairaiken katika kartie ya Asakusa, Tokyo, na kuajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama. Chakula kilikuwa cha bei nafuu, kinashibisha, kinatoka haraka. Watu wa kazi wakakipenda.

Kisha vita. Agosti 1945 Japani ilishindwa. Miji ilikuwa imechomwa na mabomu. Mavuno ya mpunga ya mwaka ule yalikuwa mabaya sana. Zaidi ya hayo, karibu watu milioni 6, askari na raia, walikuwa wanarudi kutoka nchi ambazo Japani ilizivamia na kuzitawala. Hao wote walitaka kula.

Serikali iligawa chakula kwa kipimo, lakini kipimo hakikutosha na mara nyingi kilichelewa. Aliyetaka kuishi alienda kwenye soko la magendo. Muamuzi mmoja wa korti ya Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, ambaye kazi yake ilikuwa kuhukumu watu waliokamatwa katika magendo hayo, alikataa kula kitu chochote cha magendo. Oktoba 1947 alikufa kwa kukosa chakula. Hapo unaona: mtu aliyeshika sheria yote alishindwa kuishi.

Marekani, ambayo majeshi yake yalisimamia Japani mpaka mwaka 1952, ilileta unga wa ngano. Sehemu ya unga huo iliponyoka na kuingia kwenye magendo. Huko ndiko ulikopatikana unga wa tambi. Watu waliokosa kazi walisukuma vigari vya kuuza ramen usiku, kando ya stesheni za treni. Biashara hiyo ilikatazwa. Polisi walikamata wauzaji wengi, na bado kesho yake wengine walirudi, juu tumbo haliogopi polisi. Mwaka 1950 serikali ililegeza sheria za unga, na vigari vikatoka gizani.

Mtu mmoja aliyeona foleni hizo ni Momofuku Ando, mfanyabiashara aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910. Nyuma ya stesheni ya Umeda, mjini Osaka, alikuta watu wamejipanga kwenye baridi kungojea bakuli la tambi. Picha ile haikumtoka kichwani. Baadaye biashara yake ilianguka, akabaki karibu mikono mitupu. Katika kibanda nyuma ya nyumba yake, katika mji wa Ikeda, akajaribu na kurudia mpaka akagundua namna ya kukausha tambi kwa kuzitumbukiza katika mafuta ya moto, ili mtu azirudishie uhai kwa maji ya moto tu. Tarehe 25 Agosti 1958 alianza kuziuza. Mwaka 1971 akaziweka ndani ya kikombe. Leo dunia inakula zaidi ya pakiti bilioni 100 za tambi hizo kila mwaka. Ile pakiti ya tambi za dakika tatu unayoikuta kwenye maduka ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki ni mjukuu wa foleni ile ya Osaka.

Unga wa msaada una sura mbili

Mpaka hapa hadithi ni tamu. Lakini tukiishia hapa tutakuwa tumekudanganya kidogo.

Unga ule uliokoa watu, hilo hakuna wa kulibisha. Ila haukuja kwa huruma peke yake. Wakulima wa Marekani walikuwa na ngano nyingi kuliko ilivyohitajika kwao, na mwaka 1954 nchi yao ilitunga sheria ya kuipeleka inje, nusu msaada, nusu biashara. Huko Japani, watoto wa masomo walipewa mkate na maziwa. Magari yenye majiko yalizunguka vijijini yakifundisha mama namna ya kupika kwa unga na mafuta. Watoto waliokua na mkate walibaki na mkate wakiwa wakubwa.

Angalia hesabu. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula karibu kilo 118 za mchele kwa mwaka. Siku hizi anakula karibu kilo 50. Mwaka 1965, Japani ilijitolea yenyewe asilimia 73 ya nguvu yote inayopatikana katika chakula chake. Leo ni karibu asilimia 38. Ngano yake, sehemu kubwa sana, inatoka Marekani, Canada na Australia. Zimepita miaka mingi tangu vita viishe, nchi imekuwa tajiri, lakini bakuli lake linategemea meli. Si unga wa msaada peke yake uliofanya hivyo. Utajiri, nyama na mafuta vilibadilisha meza pia. Lakini mlango ulifunguliwa wakati wa njaa, na haukufungwa tena.

Wajapani wenyewe wanaliona jambo hilo. Ndiyo maana jimbo la Fukuoka, ambako supu ya mifupa ya nguruwe inapendwa sana, lilitafuta mbegu yake ya ngano kwa ajili ya tambi za ramen, mbegu ambayo wakulima wa pale wanailima katika mashamba yao. Ni kusema: tambi tulizipenda, sasa tuzilime.

Na kwetu huku?

Mweso iko katika usultani wa Bashali, kwenye milima yenye malisho na udongo ambao wageni wanaukubali kwa macho. Hapa tunatoa maharagi, viazi, mahindi, ndizi. Ng'ombe wanatoa maziwa, na fromaji ya Masisi inajulikana mpaka Kinshasa. Ngano hatuna. Unga wa mandazi, chapati na mikate unatoka mbali. Mwaka 2022, vita vilipoanza kule Ukraine, bei ya ngano ilipanda dunia nzima. Mtu ambaye hajawahi kuona Ukraine kwenye karta aliisikia katika ukubwa wa andazi.

Tena tunajua kuhama. Mhami hana shamba, anakula anachopewa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Mtoto mwenye njaa haulizi unga ulitoka wapi. Unga wa msaada ukifika, upikwe, watu waishi.

Lakini historia ya ramen inatuonyesha kitu. Unga peke yake haukufanya ramen ipendwe. Kila sehemu ilitia kitu cha kwake ndani ya bakuli. Sapporo, mji wa baridi kali, ulitia miso. Kurume, mji wa kusini, ulitia mifupa ya nguruwe. Unga ulikuwa wa mgeni, supu ilikuwa ya mwenyeji. Na aliyefanya hivyo si profesa. Ni muuza vigari, yule yule ambaye polisi walikuwa wanamkimbiza.

Huku kwetu mtu huyo ni mama wa malewa. Yeye ndiye anayenunua maharagi ya jirani, viazi vya yule aliyeweza kufika shambani, kuni, mafuta ya mawese yaliyotoka upande wa chini. Franga unayomlipa mchana inarudi kwa mkulima kabla jua halijazama. Kila kizuizi barabarani kinachomtoza pesa, kila kikapu anachonyang'anywa, kinaondoa kitu kwenye sahani yako na kwenye shamba la jirani yake. Na kila msimu ambao watu hawafiki mashambani unaongeza nafasi ya unga wa mbali kwenye sufuria yake.

Kwa hiyo, yule anayepata nafasi ya kurudi shambani, hata kipande kidogo, atunze mbegu kabla ya kitu kingine: maharagi ya kienyeji, mbegu ya viazi iliyochaguliwa vizuri, isiyo na ugonjwa. Msaada unaweza kuleta unga kwa gari. Ladha ya maharagi ya hapa haiwezi kuletwa na gari lolote; ikipotea, imepotea.

Siku nyingine ukikaa kwenye ule ubao na kuuliza, "Mama, leo kuko nini?", sikiliza vizuri jibu lake. Ndani yake kuna habari ya barabara, ya mvua, ya usalama, na ya nani amelima mwaka huu.