Fahamu: Kampuni changa hupataje wateja wa kwanza wanaolipa?
Programu kupakuliwa na watu wengi bado si biashara. Biashara huanza pale mtu asiye ndugu wala rafiki yako anapotoa fedha yake mfukoni, na huyo mara nyingi hutafutwa kwa miguu.

Mwaka 2009 Airbnb, tovuti ya kukodisha vyumba vya kulala wageni, ilikuwa inasuasua. Waanzilishi wake waligundua kwamba picha za vyumba vya New York kwenye tovuti yao zilikuwa mbovu. Wakakodi kamera, wakaenda kubisha hodi kwa wenye nyumba na kupiga picha wenyewe. Mapato ya wiki, yaliyokuwa yamekwama kwenye takriban dola 200, yakafika 400. Huwezi kufanya hivyo kwa wateja milioni, lakini kwa thelathini inawezekana, tena ukiwa sebuleni kwa mtu utasikia malalamiko ambayo hakuna dodoso litakalokuletea.

Twiga Foods, kampuni ya Kenya ya kusambaza vyakula iliyoanzishwa 2014, haikujitwisha mazao yote mara moja. Ilianza na ndizi, ikiwauzia wachuuzi wadogo wa Nairobi, ambao tayari walikuwa wakitoa fedha kila siku kutafuta mzigo sokoni. Kumfuata mtu wa aina hiyo ni rahisi kuliko kumshawishi asiyejua kama ana tatizo.

Bei nayo itajwe mapema. Majaribio ya bure hukusanya sifa tu, na "nitakutafuta" ya mteja sote tunaijua. Omba malipo ya awali, hata kidogo. Akikataa, muulize kwa sasa anatumia nini, na kwa shilingi ngapi.