Muteta wa Kiritiri na Mizani ya Tabibu

Msafiri ashukaye Kiritiri nchini Kenya, katika nchi kavu ya Wambeere iteremkayo kuelekea mto Tana, hupokewa na vumbi na mafungu ya muguka, majani ya kutafuna. Lakini akikaribishwa nyumbani kwa wazee na kuandaliwa supu ya mbuzi, huenda akaonja ndani yake uchungu wa muteta, mti ambao mizizi yake huchemshwa pamoja na mifupa, na ambao wataalamu wa mimea huuita Strychnos henningsii.

Ilimu ya mimea ya namna hii haikuachwa vinywani tu. Watafiti Riley na Brokensha walitoa mwaka 1988 vitabu viwili juu ya Wambeere, kimoja kizima kikiwa cha mimea na manufaa yake. Na mwaka 2007 mtafiti Kareru na wenzake wakachapisha habari za dawa za jadi za Waembu na Wambeere. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta nao waliichukua mimea inayosifiwa huko kwa maradhi ya kisukari, muteta ukiwamo pamoja na kishona nguo, ule mche ambao mbegu zake hunasa katika mavazi ya wapita njia, wakaijaribu kwa panya, na sukari katika damu ya panya ikashuka.

Namna panya hao walivyotiwa kisukari yastahili kutazamwa. Walidungwa aloksani, kemikali ambayo ikifika katika kongosho huzaa chembe kali za oksijeni, nazo huziteketeza seli zinazotengeneza insulini. Chembe za jinsi hiyo ndizo huongezeka mwilini mwa mgonjwa sukari inapozidi kwa muda mrefu, zikila mishipa, figo na macho mithili ya kutu ilavyo jembe lililosahauliwa mvuani. Mimea, kwa kuwa haina miguu ya kulikimbia jua lizaalo chembe hizo, hujitengenezea kemikali ziitwazo flavonoidi na tanini ziwezazo kuzituliza. Lakini chupa ya maabara si mwili wa binadamu: vitamini E, yenye sifa hiyo hiyo, ilipojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa haikuwakinga na maradhi ya moyo.

Hata hivyo, mwenye kudharau majani na aikumbuke metformini, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa kisukari duniani. Asili yake ni galega, mmea wa Ulaya uliotumiwa na waganga wa kale. Galejini iliyomo ilikuwa na sumu, ikawapasa wanakemia kuunda jamaa yake iliyo salama zaidi, ndiyo metformini, hata tabibu Jean Sterne wa Paris akatangaza mwaka 1957 jinsi ilivyowafaa wagonjwa. Muteta haujapita safari hiyo, nao ni wa ukoo mmoja na mti utoao strikinini, sumu iuayo. Naona ni haki yake kupimwa, na ni haki ya wazee waliouhifadhi kutajwa na kufaidika siku utakapothibitika.

Kwa hiyo, ewe ndugu unayekunywa mizizi nyumbani na vidonge vya hospitali kwa pamoja, usiviache vidonge, wala usimfiche tabibu wako. Mtajie mti, kiasi unachokunywa, na tangu lini, kwani viwili vishushavyo sukari vikikutana vyaweza kuishusha hata mtu akazimia.