Anachoamini Mwanafunzi Huathiri Anachojifunza

Mtoto anaposhindwa Hisabati, wazazi hutaja uhaba wa vitabu, wa walimu, au uvivu. Sababu hizo zipo. Ipo pia nyingine isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni imani ya mwanafunzi kuhusu maarifa na kuhusu jinsia yake.

Baadhi ya wanafunzi huamini kwamba jambo hueleweka upesi au halieleweki kabisa. Mwaka 1990, mtafiti Marlene Schommer wa Marekani alionyesha kwamba wenye imani hiyo hurahisisha mno waliyosoma na hupata alama za chini, ilhali wana hakika kwamba wameelewa.

Mwaka 2017, watafiti Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian, nchini humo humo, walibaini kwamba wasichana wa miaka 5 huhusisha akili nyingi na jinsia yao kama wavulana wanavyofanya. Kuanzia miaka 6, imani hiyo hupungua kwa wasichana, ingawa wao wenyewe husema wasichana ndio wanaopata alama nzuri darasani.

Imani hizi mbili zikikutana, msichana aliyekosa swali moja huona kosa hilo kuwa ushahidi kwamba somo si lake. Mvulana naye hudhurika, kwani akidhani kipaji kinamtosha, huyadharau mazoezi.

Madhara huonekana wakati wa kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu. Anayeacha Fizikia na Kemia kwa hofu hujifungia njia ya udaktari, ufamasia na uhandisi kabla hajapima uwezo wake.

Wazazi na walezi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Msifuni mtoto kwa njia aliyotumia na kwa bidii yake, si kwa kipaji. Akikosa, mwulizeni ni hatua ipi iliyompotosha.

2. Gawanyeni kazi za nyumbani kwa usawa, ili msichana naye apate muda wa kujisomea jioni.

3. Epukeni kauli kama "Hisabati ni ya wanaume", hata kwa mzaha.

4. Kabla ya uchaguzi wa masomo, pitieni madaftari ya mtoto pamoja na mwalimu wa somo, kisha mwamue kwa kazi aliyoifanya, si kwa hofu.

Mwenye swali kuhusu uchaguzi wa masomo amwone mkuu wa shule au Afisa Elimu Kata.