MGONGO WAKO NA MPIRA MDOGO WA AMOTISERE



Shofere mmoja alikuja dispansere mara tatu kwa ugonjwa ule ule: kiuno. Mara mbili nilimpa vidonge na kumwambia apumzike. Mara ya tatu nikamwuliza anapita njia gani.

"Muganga, ni Bunia kwenda Mongbwalu na kurudi."

Njia hiyo ni karibu kilomita 80, nanyi mnaijua: matope wakati wa mvua, vumbi na mashimo wakati wa jua. Nikatoka naye nje, tukaitikisa Land Cruiser yake kwa nyuma. Chini ikalia kong! kong! Ndipo nikaona kwamba nilikuwa ninatibu mtu, na ugonjwa mwingine uko kwenye motoka.

Amotisere ni bomba lenye mafuta ndani. Kazi yake ni kutuliza springi ili motoka isirukeruke. Kwenye ncha zake mna mipira midogo, ambayo mafundi wengine huiita bushi. Mipira hiyo huzuia chuma kugonga chuma. Ikipasuka au kulika, amotisere hucheza kwanza kabla ya kufanya kazi. Gurudumu huruka, na tairi ikiachana na ardhi, breki na usukani havina nguvu. Kwenye mteremko hayo ni mambo ya kufa na kupona.

Mtikisiko unaobaki huingia mwilini. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na njia mbaya huleta mitikisiko ya namna hiyo. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya una sheria inayowataka waajiri wakadirie mtikisiko unaowapata wafanyakazi na kuupunguza.

Fundi anapobadilisha mipira hiyo, akumbuke haya:

1. Simamisha motoka mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa magogo. Kriki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini mpaka motoka ikae juu ya viegemeo imara vya chuma.

2. Vaa miwani ya kazi. Kutu na udongo mkavu huangukia machoni.

3. Usiipashe amotisere moto wala kuitoboa. Nyingine zina gesi iliyoshindiliwa, zinaweza kulipuka. Mpira wa zamani usuume nje kwa presi, usiuchome. Moshi wake ni sumu.

4. Safisha tundu, kisha ingiza mpira mpya kwa maji ya sabuni. Gresi na mafuta ya motoka huvimbisha mpira na kuuharibu.

5. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Kipande cha tairi kuukuu hakitoshi. Amotisere ikivuja mafuta, mpira mpya hautaiponya, ibadilishe yote.

6. Kaza nati kwa mara ya mwisho motoka ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ikiwa inaning'inia, mpira hujipinda na kupasuka mapema. Baada ya safari ya kwanza, zikague tena.

Sisemi kwamba mpira mpya huponya kila mgongo. Mwendo wa polepole, kiti kizima na upepo sawa wa tairi ni dawa pia. Mama mjamzito na mgonjwa wakae katikati ya motoka, si juu ya gurudumu la nyuma.

Yule shofere bado anaumwa kidogo, lakini sasa analala usiku. Wewe ukisikia mlio chini ya motoka, uandike katika daftari lake siku hiyo hiyo, usingoje kiuno kiseme. Tena, akina mama, mume akilalamika kwamba miguu imekufa ganzi, au hawezi kuzuia au kutoa mkojo, msimkande kwa maji ya moto. Mleteni siku ile ile, hata usiku.