Intaneti ya nyumbani: Usilipie simu ya mezani isiyolia

MFANYABIASHARA mmoja wa vyakula vya mifugo mjini Nakuru alinionyesha ankara yake ya intaneti. Ilikuwa na vitu vitatu: intaneti, runinga na simu ya mezani. Simu yenyewe ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya magunia ya pumba, imejaa vumbi. Nilipomuuliza ililia lini mara ya mwisho, alicheka tu. Wateja wake wote humpigia kwenye simu ya mkononi.

Hakukosea kutaka intaneti. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Wafugaji wakubwa wanaonunua kwake huidai papo hapo. Alichokosea ni kutia saini kifurushi kizima bila kuuliza kama intaneti huuzwa peke yake.

Zamani angejibiwa kuwa haiuzwi. Intaneti ya nyumbani ilipitia nyaya zile zile za shaba za simu, kwa hivyo ilibidi ulipie laini kwanza. Kasi ilipungua kadiri ulivyoishi mbali na kituo cha simu, na wezi wa shaba wakafanya mengine. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, kisha kampuni zikaanza kusambaza faiba mitaani. Faiba haihitaji laini ya simu hata kidogo. Simu ya mezani ikiuzwa pamoja nayo, sauti hupitia faiba hiyo hiyo.

Basi mwulize wakala bei ya intaneti tupu. Huenda akasema simu ni ya bure. Mwombe aandike bei ya sasa, bei baada ya ofa kwisha, ada ya kuunganishwa, na kama ruta ni yako au utairudisha.

Kisha chukua kalamu. Tuseme kifurushi chenye simu ni Sh3,000 kwa mwezi, na kuunganishwa ni bure. Intaneti tupu ni Sh2,500, lakini kuunganishwa ni Sh4,000. Kwa mwaka wa kwanza cha simu kitakugharimu Sh36,000 na intaneti tupu Sh34,000. Mwaka wa pili tofauti inafika Sh6,000. Lakini kama umepanga duka na huenda ukahama baada ya miezi sita, cha simu kitakuwa Sh18,000 na intaneti tupu Sh19,000. Kwa mfano huu, gharama zinalingana mwezi wa nane. Ni hesabu ile ile ya kununua mashine ya kukata nyasi au kuikodi.

Kuhusu kasi, wengi hununua kuliko wanavyohitaji. Megabiti 10 kwa sekunde si megabaiti 10. Gawanya kwa nane upate megabaiti 1.25. Video ya megabaiti 50 ya ng'ombe unayemuuza itashuka kwa sekunde 40 hivi, laini ikiwa safi. Lakini wewe ndiye unayeituma kwa mnunuzi, kwa hivyo uliza pia kasi ya kupakia, ambayo kwa baadhi ya vifurushi huwa ndogo zaidi. Na neno "bila kikomo" lisikulaze: uliza kasi hupunguzwa baada ya gigabaiti ngapi.

Kusikofika faiba kuna ruta za laini ya simu ya mkononi, za 4G au 5G. Kabla ya kununua, weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu yako na uijaribu ukiwa ndani ya nyumba, saa mbili usiku, wakati majirani wote wako mtandaoni. Starlink nayo ilianza huduma Kenya Julai 2023, na dishi lake linataka anga wazi bila miti. Umeme usisahaulike. Ruta ya wati 10 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 7 hivi kwa mwezi. Dishi la wati 75 hula uniti 54. Mkulima anayetegemea sola afikirie hilo kabla ya kutazama bei ya dishi.

Kuna anayefaa kubaki na simu ya mezani. Ikiwa nambari hiyo imechorwa kwenye bango, kwenye magunia na kwenye risiti za miaka mingi, uliza kama inaweza kuhamishiwa huduma nyingine kabla hujaifunga. Kuichora upya kote huenda kukazidi akiba yako.

Mwisho, soma sehemu ya kujitoa kwenye mkataba. Kampuni ikikukatalia haki yako, lalamika kwake kwanza kwa maandishi, kisha uende kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa na nakala.

Yule wa Nakuru alikuta anadaiwa notisi ya siku 30. Aliandika barua jioni hiyo hiyo, akaomba abakishiwe intaneti peke yake.